Nyumba ya Bei ya Chana la Ndizi

Waheshimiwa wageni, wazee wa kanisa, walimu, wazazi, na nyinyi mlioketi nyuma mkitafuna miwa: mnatangaziwa rasmi kwamba ukoo wa marehemu Mzee Obwocha, wa pale juu ya soko la Birongo, sasa unamiliki nyumba Ulaya. Nyumba ya mawe. Chini kuna ghala, juu kuna vyumba, na dirisha linatazama milima yenye theluji. Mwenye vigelegele na apige.

Mkimaliza kupiga, mketi, kwa sababu kuna mambo madogo ambayo tangazo limeyaruka. Nyumba hiyo iko Italia na ilinunuliwa kwa yuro moja, ambayo pale Birongo ni bei ya chana la ndizi, tena zilizoanza kuwa nyeusi. Paa lake limebomoka upande mmoja. Kijiji chenyewe wenyeji wamekihama, wamebaki wazee wachache na paka. Na aliyeinunua, Nyanchera binti Obwocha, hakuwa akitafuta fahari. Aliinunua kwa sababu kwao alikuwa amenyimwa hata mahali pa kuweka banda la kuku.

Msimulizi wa hadithi hii anajua kila kilichotokea katika boma lile: yaliyosemwa jikoni, yaliyosemwa shambani, na hata yaliyofikiriwa bila kusemwa. Amejuaje? Msimulizi mkubwa haulizwi.

&nbsp;

Ilikuwa Desemba, mwaka ule korona ilipoingia. Jioni jua likiwa bado juu ya migomba, Nyakerario, mjane wa Obwocha, aliketi kwenye kigoda chake jikoni kuzungumza na binti yake kwa simu ya video. Simu ilikuwa yake, lakini macho yalikuwa yameingia ukungu na herufi za simu kwake zilikuwa siafu wanaotembea. Kwa hivyo aliyeishika simu, aliyebonyeza, na aliyemsomea kila ujumbe ulioingia, alikuwa mjukuu wake Persis: msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani tangu shule za bweni zifungwe mwezi wa tatu, mwenye akili nyingi na sura nzuri. Walimu wake wangeongeza mambo mengine, lakini walimu hawapo hapa.

"Mwambie ageuze simu nione nyumba," Nyakerario alisema.

"Magokoro, anakusikia. Mwambie wewe mwenyewe." Persis alimwita nyanya yake magokoro, kama wajukuu wote wa Kisii.

Nyanchera alikuwa amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na kila alipofungua mdomo mvuke ulitoka. Aligeuza simu. Meza. Vikombe vimetundikwa kwenye misumari kana kwamba mwenyewe atakuja kunywa chai sasa hivi. Ukutani, picha ya mwanamke mzee aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, akitazama moja kwa moja jikoni kwa Nyakerario.

"Huyo ni nani?"

"Mwenye nyumba wa zamani, Mama."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alifia wapi?"

"Hapa hapa. Hata kitanda chake kipo."

"Na watoto wake?"

"Walienda mijini. Mwingine Amerika. Hakuna aliyerudi, ndiyo maana nyumba kama hizi zinatupwa. Serikali ya kijiji inataka tu mtu wa kuezeka paa na kuwasha taa."

Nyakerario alishika kifua. "Kwa hivyo unalala kwenye kitanda cha mfu asiyekujua, ambaye watoto wake mwenyewe walimkimbia."

Purity, mama yake Persis, aliyekuwa akichambua mboga za chinsaga kando ya moto, alisema polepole, "Mama, angalau hiyo nyumba ina ghorofa."

"Ghorofa ya nani? Ya mizimu?"

"Mama, sina kwingine," Nyanchera alisema, na sauti yake ikawa ndogo. Bibi mmoja wa mjini, ambaye Nyanchera aliajiriwa kumtunza, alikuwa amekufa na korona, na watoto wa bibi walikuwa wamechukua funguo siku hiyo hiyo. Tiketi yake ya kuja nyumbani Krismasi ilikuwa imefutwa. Na sasa serikali ya huko ilikuwa imefunga barabara kwa ajili ya sikukuu: kuanzia kesho, hakuna mtu kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila barua, na siku ya Krismasi yenyewe, hata kutoka kijiji hadi kijiji.

"Hata mbuzi anahitaji barua?" Persis aliuliza.

"Hata wewe ungehitaji, Persis, na kwa vile wanavyoogopa magonjwa wangekurudisha."

Walicheka, wote isipokuwa Nyakerario. Yeye alikuwa bado anatazamana na picha ya ukutani. "Umewasha moto?"

"Kuna meko ya mawe. Sijawasha. Kuni zimelowa."

"Nyumba mpya haiingiwi kwa moto wa kiberiti tu. Mtoto huenda na makaa kutoka kwa mama yake. Sikukupa. Nilikuwa nimekupa yale ya kwenda kuolewa Magwagwa, na Magwagwa yalikuunguza." Alimgeukia Persis. "Wewe, leta hiyo simu hapa mekoni."

Persis aliishika simu juu ya makaa mpaka plastiki ya nyuma ikaanza kuwa laini. Nyakerario aliinama, akapuliza, na majivu yakaruka kwenye kioo.

"Pokea," alisema.

Nyanchera hakucheka. Alikinga mikono yake miwili mbele ya simu yake kule mlimani. "Nimepokea, Mama."

Mlango ulifunguka. Manasseh, baba yake Persis, kitinda mimba wa Obwocha na mrithi wa kila kilichoonekana kutoka mlango ule, aliingia na ndoo ya maziwa.

"Manasseh," Nyakerario alisema, "msalimie dada yako."

"Mwambie ng'ombe ananingoja," Manasseh alisema, akaweka ndoo, akatoka. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Tangu Obwocha azikwe, Nyanchera akiwa Italia, wakati ule bila karatasi za kumruhusu kuja, ndugu hawa wawili walikuwa wamezungumza mara moja tu, kwa simu. Nyanchera alikuwa ameomba kona ndogo pale juu penye nepia, majani ya ng'ombe, ajenge chumba cha kurudia. Manasseh alimjibu kwamba msichana akishaolewa Magwagwa, kwao ni Magwagwa. Nyanchera alimwambia kwamba Magwagwa alitoka amepungukiwa meno mawili. Manasseh akasema maneno ambayo hata yeye aliyajutia kabla simu haijakatika: binti aliyerudi hajengi kwa baba yake, na hata kaburi lake huchimbwa nje ya ua. "Sikutunga mimi," aliongeza. Nyanchera hakumpigia tena, na jina lake likatoka kwenye simu ya Manasseh.

&nbsp;

Kesho yake Persis alituma ujumbe: Anti, umeamkaje? Ukaweka tiki moja ya kijivu, yaani umetoka lakini haujafika. Jioni tiki ilikuwa bado moja. Krismasi ikaja, watu wa Nairobi wakaja na barakoa zao kidevuni, kuku wakapungua, na tiki ikabaki moja. Wakipiga, mwanamke wa mashine alizungumza Kiitaliano kwa adabu sana, akakata.

Nyakerario aliacha kula asubuhi. Redio ya Kikisii ilikuwa karibu na kichwa chake mchana kutwa, na siku moja mtangazaji akasema kwamba kule Ulaya wanaokufa na ugonjwa huo wengine huchomwa, jivu likatiwa kwenye kopo.

"Kopo la ukubwa gani?" Nyakerario aliuliza.

Purity alizima redio. Nyakerario aliiwasha tena.

"Mtu aliyechomwa tunamzika wapi? Tunaliita kopo Nyanchera?" Aliunyoosha mkono kwa mjukuu wake. "Persis, angalia kama ameandika."

Persis aliangalia. Hakukuwa na kitu. Aliinua macho akamwona nyanya yake, midomo mikavu, mkono ukiwa bado umenyooshwa kama wa mtu anayengoja kupewa maji.

Ifahamike kwamba Persis alikuwa na kipaji. Shuleni aliwahi kusimama mbele ya paredi akasoma waraka mzito kutoka wizarani wa kuongeza siku za mapumziko, na karatasi aliyoshika ilikuwa risiti ya unga. Wasichana mia moja walikuwa wamefunga masanduku kabla mwalimu wa zamu hajaiomba karatasi.

"Ameandika," Persis alisema. Akakohoa kidogo, kama wasomaji wa neno kanisani. "'Mama, mimi ni mzima. Theluji ni nyingi na umeme unakatika. Ukiona kimya usiogope. Kula.'"

"Amesema kula?"

"Ameandika hapa. 'Kula.'"

Nyakerario alikula. Purity, mkono wake ukiwa kwenye mwiko, alimwita Mungu kwa sauti ndogo akamshukuru. Persis alitoka akaenda nyuma ya choo, akafungua simu tena. Tiki moja. Aliitazama mpaka kioo kikajizima na akaona uso wake.

Baada ya hapo Nyanchera akawa anaandika kila siku. Aliandika kuhusu paka. Aliandika kwamba ameigeuza picha ya yule bibi itazame ukuta. Sabato aliandika fungu la Biblia. Kila Nyakerario aliposhusha pumzi, Persis alivuta ya kwake, kwa sababu katika boma lile lote ni yeye peke yake aliyejua kwamba Nyanchera hajasema neno. Wengine walikuwa wameugawana woga wao ukapungua. Wake ulikuwa mzima mzima.

&nbsp;

Jumatatu, Purity alirudi kutoka soko la Daraja Mbili na nusu ya ndizi zake.

"Mbona umerudi nazo?" Manasseh alimuuliza.

"Ningemuuzia nani? Nimekaa mpaka saa saba nikichekwa." Alitua mzigo. "Wanawake wa pale wananiita mama Ulaya. Mmoja ameshika chana, ameniuliza, 'Hili nikikulipa utanipa ndizi au utanipa nyumba?' Kisha mwingine akasema, tena kwa upole, na upole ndio uliouma: 'Mwacheni. Ni wifi yake aliyefukuzwa kwao akaenda kuishi na wafu.'"

"Hakufukuzwa."

"Basi nenda Daraja Mbili uwaambie hakufukuzwa. Mimi nimeshindwa. Kila nikitaka kusema, naona ile kona ya nepia."

"Purity, hata ningetaka. Wazee watasemaje? Nilianza mimi hiyo mila?"

"Ng'ombe wawili wanakula pale," Purity alisema. "Ng'ombe hawajawahi kuulizwa waliolewa wapi."

Manasseh alichukua kofia yake akatoka. Persis alikuwa dirishani, kwa bahati mbaya tu, na alisikia yote.

Jioni ile, familia ikiwa mezani, Persis alifungua simu bila kuombwa. Uso wake ulikuwa na uzito wa hakimu.

"Anti ameandika jambo," alisema. "Sijui kama nisome."

"Soma!" Nyakerario alisema.

"'Mama, usiku nimeota Baba. Alikuja akasimama kwenye mlango wa nyumba hii. Alikuwa amevaa lile koti la mvua la kijani, lenye kifungo kimoja cheusi. Hakuingia. Aliuliza, mbona mtoto wangu analala kwa wafu wa watu, na kwangu kuna nafasi? Akasema, mwulize Manasseh.'"

Kijiko cha Manasseh kilibaki hewani.

"Amesema koti gani?"

"La kijani. Kifungo kimoja cheusi."

Manasseh aliweka kijiko chini. Baba yao alizikwa na koti lile. Manasseh mwenyewe ndiye aliyekishona kifungo cheusi asubuhi ya mazishi, kwa sababu cha kijani kilikuwa kimepotea. Nyanchera hakuwepo. Picha haikupigwa. Hapakuwa na njia yoyote ya Nyanchera kukijua kifungo kile, isipokuwa amekiona.

Hakukumbuka kwamba siku ile kulikuwa na mtoto aliyesimama karibu na jeneza akimshikia uzi.

"Mtu akiotewa hivyo," Nyakerario alisema polepole, "ni kwamba yuko karibu sana na mlango."

Persis alikuwa ametaka tu baba yake aone aibu. Sasa nyanya yake alikuwa ameisukuma sahani tena, na maneno yaliyomnyima chakula yalikuwa ya Persis mwenyewe. Naye, aliyeyatunga, aliyasikia yakirudi kutoka kwenye kuta kana kwamba ni kweli. Kama yule amekufa? Kama mzee anakuja kweli kumchukua, na mimi nimemwonyesha njia?

Hilo la mwisho sahauni kwamba mmelisoma. Endeleeni.

&nbsp;

Asubuhi Manasseh hakwenda kuchuma chai. Alichukua panga akakata nepia yote ya kona ya juu. Alichukua kamba na vijiti akapima. Hakumwambia mtu. Mtu akibadilisha jambo alilolikazia miaka miwili hapendi kutazamwa. Akaanza na kona ya chumba cha jiko, kwa sababu mwanamke hujengewa kuanzia jikoni, na kufikia saa nne alikuwa ametifua mstatili kiasi cha mtu kulala, amesimama ndani yake hadi magotini, udongo mwekundu umerundikwa kando.

Nyamoita, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuwa akipita na mtungi wa maziwa. Akatazama juu ya ua.

Sasa, pale Birongo kuna mambo ambayo hayaulizwi. Mwanamume akionekana akichimba ndani ya boma lake, na watu wote wanajua ana mgonjwa au ana mtu asiyejulikana alipo, humuulizi unachimba nini. Kumuuliza ni kumlazimisha aseme. Unatua ulichobeba, unaweka mikono kichwani, unalia.

Nyamoita alitua mtungi.

Kilio chake kilipanda juu ya migomba, kikavuka bonde. Kutoka ng'ambo kilijibiwa. Wanawake walianza kupanda njia, mmoja akifunga leso akikimbia, mwingine na sukari mkononi, kwa sababu huwezi kwenda msibani mikono mitupu. "Nyanchera wee! Wamekuchoma, Nyanchera! Nani atakuleta nyumbani?"

Manasseh alisikia jina. Jembe lilimtoka mkononi. Watu hawa wamepata habari, aliwaza. Wameambiwa kabla yetu. Wao waliona shimo wakajua Nyanchera amekufa. Yeye aliona machozi yao akajua vivyo hivyo. Aliketi kwenye ukingo wa msingi, mikono ikiwa na udongo, akasema, "Nimechelewa. Nilikuwa nimeanza. Mama, nilikuwa nimeanza."

Nyakerario alitoka jikoni akiwa ameshika ukuta. Hakulia. Alishuka taratibu mpaka akakaa chini, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

"Persis."

"Naam, magokoro."

"Ule ujumbe wa juzi. Aliosema amepika wimbi. Nisomee tena."

Persis alikuwa na simu mkononi. Boma lilijaa watu, na wote wakanyamaza ili mama asikie maneno ya mwisho ya mtoto wake. Purity alikuwa anamtazama. Nyamoita, kamasi usoni, alikuwa anamtazama. Persis alifungua mdomo. Alitafuta wimbi, alitafuta paka, alitafuta fungu la Biblia. Hakukuwa na hata neno moja.

"Soma, mtoto wangu."

"Magokoro…"

Simu ikalia.

Iliandika: Anti Italia. Persis aliitazama ikitetemeka kiganjani mwake, na kwa sekunde kadhaa alifikiri kwamba aliyempigia ni maiti. Kisha kidole kikabonyeza chenyewe, na sauti ikatoka, kubwa, yenye mafua:

"Haloo? Mama? Mbona kelele hivyo? Nani amekufa?"

"Wewe!" Nyamoita alipiga kelele.

"Mimi?"

Walioanguka walianguka. Wengine walicheka huku wakilia. Mwanamke mmoja alirudisha sukari yake ndani ya leso taratibu. Nyakerario aliichukua simu kutoka kwa Persis, akaiweka shavuni kama mtu anayepima joto la mtoto, na kwa muda mrefu alirudia neno moja tu, jina.

Nyanchera alieleza. Theluji ilikuwa imeangusha nyaya usiku ule ule wa makaa. Simu ikafa. Barabara ikaziba. Kuni zikakataa kuwaka, na asubuhi ya pili hakuwa anasikia vidole vya miguu. Ndipo bibi mmoja wa nyumba ya chini, ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa kuogopana ugonjwa, akapanda kwenye theluji na koleo limejaa makaa kutoka kwenye meko yake, akayamimina kwenye meko ya Nyanchera bila kusema neno.

"Makaa yangu yalifika," Nyakerario alisema.

Manasseh alipanda kutoka kwenye shimo. Alifuta mikono kwenye suruali, akaomba simu. Watu wakampisha.

"Nyanchera," alisema. Akakohoa. "Niko hapa juu ya nepia. Nimekuanzia msingi. Jikoni kwanza. Kwa hivyo… mzee asikusumbue tena usiku."

"Mzee gani?"

"Baba. Ile ndoto yako. Ya koti la kijani."

"Manasseh, koti gani? Sijaota kitu. Simu yangu imewaka sasa hivi. Sijaandika neno hata moja tangu siku ile."

&nbsp;

Waheshimiwa wageni, hapa msimulizi angependa kuwaomba mwimbe wimbo wa kufunga, ili apate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Lakini boma lile halina mlango wa nyuma, na watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama.

Persis ni mimi.

Najua yaliyosemwa jikoni kwa sababu nilikuwa jikoni. Ya dirishani, haikuwa bahati mbaya. Waliyoyafikiria waliniambia baadaye, kila mmoja kwa zamu, na baadhi yao walikuwa wameshika fimbo. Sura nzuri niliyoitaja mwanzoni sitaiondoa. Mengine yote nayakiri: hakukuwa na ujumbe wa paka, hakukuwa na wimbi, hakukuwa na ndoto. Niliusema ukweli huo pale pale, mbele ya kanisa zima na sukari yao, na sauti yangu ya paredi haikuja kunisaidia. Nilimsomea magokoro maneno ya mtu ambaye, kila nilipofika nyuma ya choo, nilimlilia kama aliyekufa.

Magokoro hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Ulikuwa unanilisha. Na wewe hukujua kama nakula matanga," kisha akamwita mama yangu, akampa simu aishike. Hajanirudishia. Ujumbe ukiingia mimi hutolewa nje, na nikirudi naambiwa tu kwamba Anti anasalimu.

Siku ile, baada ya mimi kumaliza, wote walikuwa wanamtazama baba yangu sasa, na udongo uliorundikwa kando ya shimo. Ndoto ilikuwa ya uongo, kwa hivyo hakuwa amelazimishwa na mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Angeweza kulifukia kabla ya chakula cha mchana. Nepia huota upesi. Kwenye simu tulisikia moto wa Anti Nyanchera ukipasuka-pasuka.

Baba alilitazama shimo. Alinitazama mimi. Akainama, akaliokota jembe, akakwangua tope kwa kidole gumba, polepole, pande zote mbili.

Kisha akanipa.

"Kona ile ya kushoto haijanyooka," alisema. "Chimba."